Mama Mkwe na Propela

Wiki iliyopita mama mkwe aliniomba nisimame pale Awendo. Akashuka bila kunitazama, akaingia kwenye Probox iliyojaa hadi abiria wa buti wamekunja magoti, naye akajipenyeza huko huko buti, juu ya gunia la omena. Waliponipita nilimwona kupitia kioo cha nyuma cha Probox: anatabasamu!

Migori tulikuwa tumetoka salama. Kwa mwendo mdogo pikapu yangu ni mtiifu. Ilipogusa kilomita 70 kwa saa, kiti kikaanza kuvuma. Ilipofika 80, miwani ya mama ikawa inateremka puani, anaipandisha, inateremka. Kwetu mkwe na mkwewe huheshimiana kwa mbali, kwa hiyo hakunilalamikia. Alisali. Kila neno lilitoka vipandevipande, na ile amina ilikuwa na silabi saba. Kisha akauliza kwa upole, "Baba Akinyi, hili gari limeudhiwa na nani?"

Ni propela, Mama, na maelezo yake ni matamu. Lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma kwenye difu hufungwa kwa krosi, kiungo kinachokubali kupinda springi zinapocheza. Sasa krosi ina tabia ya ajabu: ikizunguka huku imepinda, upande mmoja ukienda kwa mwendo uleule, mwingine huharakisha na kuzubaa, mara mbili kila mzunguko. Mwingereza Robert Hooke aliandika kuhusu jambo hili tangu karne ya 17. Dawa yake ni krosi nyingine, masikio yake yamepangwa sawasawa na ya mwenzake, ili kosa la huku lifute kosa la kule. Makosa mawili yanazaa utulivu! Lakini fundi akichomoa bomba bila kulitia alama, akalirudisha likiwa limeruka meno, makosa hayafutani tena. Na si tairi: tairi la mbele likikosa balansi hutikisa usukani, lakini propela, inayozunguka karibu mara nne tairi likizunguka mara moja, huvuma chini ya makalio.

Siku ile sikuyajua haya. Rongo mafundi wakanibalansia tairi. Rodi Kopany nikauziwa beringi ya kati. Homa Bay wakabadilisha mipira ya injini.

Mwishowe mzee mmoja pale Homa Bay akaingia uvunguni, akacheka, akafungua, akageuza, akafunga. Mtetemo ukaisha.

Hapo ndipo kicheko kinapokauka. Fundi wa Migori aliyechomoa propela ili aipake grisi alilipwa. Waliobahatisha walilipwa, tena mapema. Mzee aliyejua alilipwa kidogo kuliko wote, maana hakuwa na spea ya kuniuzia. Huu ni wizi wenye ovaroli.

Fundi, kabla hujachomoa propela, chora mstari mmoja wa rangi pande zote mbili za kiungo. Nawe mwenye gari, usiende kunywa soda kivulini kabla hujauona mstari huo.