Mheshimiwa Spika, Tuachie Siku Moja ya Kura

Kwa Mheshimiwa Amason Jeffah Kingi, Spika wa Seneti, Nairobi.

Mheshimiwa Spika,

Naomba ruhusa yako mimi, mkazi wa Garsen katika Kaunti ya Tana River, nikufikishie neno. Najua meza yako haikosi barua za watu wenye vyeo na mihuri. Hii haina muhuri, na iwapo nimekosea mahali pa kuketi au jinsi ya kusema, naomba unisamehe kabla hujafika mwisho. Nimekuandikia wewe kwa kuwa kifungu cha 96 cha Katiba kimeipa Seneti kazi ya kuzitetea kaunti. Tena wewe ni jirani yetu. Uliwahi kuwa mbunge wa Magarini, na Magarini na Garsen zimepakana. Ukawa gavana wa Kilifi kwa mihula miwili. Habari za Mto Tana huhitaji kusimuliwa na mtu.

Kila baada ya muda huzuka rai kwamba uchaguzi wa kitaifa utengwe na ule wa kaunti. Husemwa tumchague rais na wabunge siku moja, kisha gavana na mwakilishi wadi siku nyingine. Mwaka 2023, wakati wa mazungumzo ya kitaifa, lilitoka pia pendekezo kwamba muhula wa seneta uwe miaka 7, ambalo lingeitoa kura yake katika siku ya uchaguzi mkuu. Kwa unyenyekevu wote nakusihi, rai ya namna hii ikifika tena mbele ya kiti chako, uikumbuke Tana River kabla haijapigiwa kura.

Sitaki kuwadunisha wanaotaka kutenga. Wanasema jambo la kweli, nami nimeliona kwa macho. Tarehe 9 Agosti 2022 nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja mzee. Alipofika mezani akakabidhiwa karatasi sita, nyeupe ya rais, ya buluu ya gavana, ya kijani ya mbunge, na nyingine tatu za rangi zake. Akazipanga kiganjani moja moja, akamwinamia karani na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ya maji ni ipi?" Karani alinyamaza, maana sheria haimruhusu kumwelekeza mpiga kura. Mawakala nao wakatazama chini. Mama yule hakutoka kwao kuja kumchagua rais. Alitaka bomba la kijiji litoe maji, na kazi hiyo Katiba imeiweka kwa kaunti, lakini miezi yote ya kampeni redio zilikuwa zimemsomea majina ya wagombea urais peke yao. Huo ni uzito wa kura sita kwa siku moja, wala siupunguzi.

Uko na wa pili. Sanduku la rais ndilo huhesabiwa kwanza. Kura za wadi zinapofikiwa, makarani wameshinda wima tangu kabla ya alfajiri, taa ya sola imefifia, na wakala anayelinda kura za mtu wake amesinzia ukutani. Kura inayomgusa mwananchi karibu zaidi ndiyo inayohesabiwa na watu waliochoka zaidi.

Hata hivyo, Mheshimiwa, si kila linalosemwa dhidi ya siku moja linatuhusu. Husemwa kwamba wimbi la urais huwabeba wote, watu wakapiga suti kwa chama kimoja kutoka juu hadi chini. Tafadhali tazama tulivyofanya sisi mwaka huo huo wa 2022. Gavana tulimchukua kutoka ODM, seneta kutoka UDA, mwakilishi wa wanawake kutoka KANU, na ndugu zetu wa Bura wakamtuma bungeni mtu wa UPIA. Vyama vinne katika kaunti moja, siku moja, kwa wapiga kura wapatao 141,000 walioandikishwa. Watu waliopiga kura hivyo hawajazolewa na wimbi. Kama kuna wanaopiga suti, wanaohitaji kuhurumiwa hawako Tana River.

Naomba radhi sasa kutonesha kidonda. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa kijijini Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Kilelengwani, ambako hata askari polisi waliuawa. Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, ikawa Kipao. Mwaka ulipokwisha, waliokufa walikuwa wamepita 100. Sababu iliyotajwa kila mahali ni maji na malisho, yaani mashamba ya Wapokomo kandokando ya mto, na malka, zile njia ambazo mifugo ya Waorma na Wardei hupita kwenda kunywa. Lakini mashamba na malka vilikuwepo tangu enzi za babu zetu, na ugomvi wake wazee walijua kuuketia. Kipya cha mwaka ule kilikuwa kaunti. Kiti cha gavana, bajeti yake na wadi zake vilikuwa vinakaribia kugawanywa kwa mara ya kwanza, katika uchaguzi wa Machi 2013. Ugomvi wa nani awe rais haukuwa chanzo cha damu ile. Kwa hiyo wanaotuahidi kwamba kura ya kaunti ikitengwa itakingwa na joto la kitaifa, kwetu hawajajua joto linatoka wapi. Linatoka hapa hapa, na kutenga siku kutatupa misimu miwili yake badala ya mmoja.

Msimu mmoja unatutosha, Mheshimiwa. Kampeni zikianza, wenye jamaa Malindi huwapeleka watoto huko. Wenye maduka hupunguza bidhaa. Mkulima hujiuliza kama apande shamba la ng'ambo ya mto au aliache. Mambo haya hayaandikwi katika bajeti ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, ambayo peke yake mwaka 2022 ilipita shilingi bilioni 40.

Nigeria wao hutenga, na naomba uwatazame kwa makini. Mwaka 2023 walimchagua rais na wabunge wa kitaifa tarehe 25 Februari, magavana tarehe 18 Machi. Katika kura ya kwanza Peter Obi wa chama cha Labour alimshinda Bola Tinubu ndani ya Lagos, ngome ya Tinubu mwenyewe. Ilipofika kura ya gavana, watu wa jamii ya Igbo, waliodhaniwa kuwa ndio waliompa Obi ushindi, walitishwa, wakazuiwa kufika vituoni, wengine wakapigwa. Matokeo ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuwaonyesha wakorofi ni mtaa upi uliokwenda wapi.

Sasa lilete jambo hilo Garsen. Fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni mwa kituo, na ni vizuri ibandikwe. Lakini kituo kwetu aghalabu ni kijiji kimoja, na kijiji aghalabu ni kabila moja. Leo fomu inapobandikwa, kura zote sita zimekwisha kuingia sandukuni, hakuna tena cha kumlazimisha mtu. Ukitenga siku, fomu hiyo hiyo itasomwa kama orodha ya vijiji vya kutembelewa usiku kabla ya kura ya pili. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko gharama na kuliko uchovu wa makarani, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Liko na lingine ambalo mtu wa mbali hawezi kuliona kwa urahisi. Amani tuliyo nayo imeshonwa kwa makubaliano. Wazee huketi, ugavana ukielekea upande huu, unaibu hutafutwa upande ule, useneta ukazungumzwa, kiti cha mwakilishi wa wanawake kikazungumzwa. Makubaliano hayo hushika kwa sababu viti vyote hupigiwa kura pamoja, na kila upande hulipa na kulipwa siku moja. Useneta ukipigiwa kura leo na ugavana baada ya mwaka, aliyekwisha kupata chake atakumbushwa ahadi na nani? Mwaka 2013 upande mmoja ulihisi umetoka mikono mitupu, na tulikaa na uchungu ule miaka mitano. Tangu hapo tumejifunza kugawana, bado kwa shida, na sitamani tuanze upya.

Mombasa walionja kura ya gavana peke yake bila kutaka. Karatasi zilichapishwa vibaya, uchaguzi wao wa ugavana ukaahirishwa kutoka 9 Agosti 2022 hadi 29 Agosti, na waliojitokeza wakapungua. Na huo ni mji wa lami na matatu. Kwetu mtu wa Ozi hutoka kwa mtumbwi. Mchungaji aliyeandikishwa Bura huenda Agosti akawa na ng'ombe wake huku chini kwenye delta, maana ni kiangazi na majani yako huku. Atafunga safari kulirudia debe lake mara moja, lakini mara mbili hatalirudia. Na wakisema kura ya kaunti iwekwe Novemba au Aprili, basi wakumbushwe mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, barabara zilipokatika na familia zikahamia kambini.

Nchi hii imewahi kutenga, kama ujuavyo kuliko mimi. Mei 1963 mabaraza ya majimbo, Seneti ya kwanza na Baraza la Wawakilishi vilipigiwa kura kwa awamu, kwa siku tofauti. Kutenga huko hakukuyaokoa majimbo wala Seneti ile. Miaka michache baadaye vyote havikuwepo.

Nisikufiche upande wa pili, maana ningekuwa nakukosea heshima. Siku moja nayo ina hatari zake. Zanzibar tarehe 25 Oktoba 2015 watu walipiga kura za Muungano na za Zanzibar kwa siku ile ile. Siku tatu baadaye Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wa Zanzibar, huku kura za Muungano zikihesabiwa kuwa halali. Uchaguzi ukarudiwa 20 Machi 2016, na chama cha upinzani cha CUF kikaususia. Wenzetu kule walibaki na swali, kwa nini kura moja ifutwe na nyingine ya siku ile ile isimame, wala hawakupewa jibu la kuwaridhisha. Kupiga pamoja hakutoshi. Kila kura lazima iwe na ushahidi wake uliosimama wenyewe, usiotegemea huruma ya mtu.

Ndiyo maana, Mheshimiwa Spika, siombi mambo yabaki kama yalivyo. Mwaka 2022 Wakenya wote waliweza kuziona fomu za 34A za matokeo ya urais kwenye tovuti ya Tume, kituo kwa kituo, na kila mtu akajumlisha mwenyewe. Naomba fomu za gavana na za mwakilishi wadi ziwekwe wazi vivyo hivyo, usiku ule ule. Naomba kila kituo kipewe zamu mbili za makarani, ili watakaohesabu kura za kaunti wawe wamelala angalau kidogo. Gharama yake haiwezi kufika hata robo ya uchaguzi mzima wa pili. Na naomba elimu ya mpiga kura ianze sasa, kwa Kipokomo na Kiorma, misikitini, makanisani na kwenye malka, iwaeleze watu kiti gani kinahusika na maji, kipi na barabara ya kijiji, kipi na polisi, ili mtu afike mezani akiwa tayari anajua. Kanuni za uchaguzi hupelekwa Bungeni kabla hazijatumika, na ziko njia nyingi za Seneti kuyadai haya mapema. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Kwa makarani wa kuajiriwa na kufunzwa, muda uliobaki si mrefu.

Kama utapata nafasi ya kupita Garsen ukielekea Lamu, tutafurahi sana ukisimama uyasikie haya kwa wazee wa pande zote, waliokaa pamoja. 

Wako mtiifu,

Mkazi wa Garsen,
Kaunti ya Tana River