Gari Lililopiga Magoti

Juzi, kwenye tuta moja pale Madogo, nilipitwa na mkokoteni wa punda. Si kwamba punda alikuwa na haraka. Alikuwa anavuta mitungi ya maji, na mwendo wake ulikuwa wa karani anayerudi kazini baada ya chakula cha mchana. Mimi ndiye niliyekuwa nalivuka tuta mshazari, tairi moja moja, kama mwizi anayeruka ua la wenyewe. Kijana wa mkokoteni akainama dirishani mwangu.

"Mzee, gari limezama?"

Nikamwambia halijazama. Limeshushwa.

"Nani kalishusha?" akauliza kwa huruma, kama mtu aliye tayari kunisindikiza kituoni kuandikisha taarifa.

Aliyelishusha ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Kwetu mjomba humwita mpwa *abti* na mpwa naye humwita mjomba *abti*, kwa hiyo hata ukitusikiliza huwezi kujua ni nani kati yetu anayetakiwa kuwa na akili. Alikaa Nairobi miaka minne akisoma, akarudi na cheti kimoja na gari moja: saluni nyeupe, rimu za inchi 17 zinazong'aa, na tumbo lililolala chini kama la kenge. Akaniuzia kwa kile alichokiita bei ya familia. Nimekuja kuelewa kwamba bei ya familia ni ile ambayo hata ukigundua umeuziwa mbuzi ndani ya gunia, huwezi kudai, maana aliyekuuzia utamkuta kwenye kila arusi na kila msiba.

"Abti," alinihakikishia, "gari likiwa chini linashika barabara."

Hapo sitamsingizia. Linashika barabara, na barabara nayo inalishika. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kama kilomita 370, na lami ikiwa nyoofu unaweza kujidanganya kwamba umepata kitu. Halafu unafika kwenye mji mdogo, na mji mdogo bila matuta haujajiona mji. Kila tuta lilinikwaruza tumboni, nami nikawa natoa shahada. Kufika Mwingi nilikuwa najua pingili za mgongo wangu moja baada ya nyingine. Kufika daraja la Tana zilikuwa zimeanza kubadilishana nafasi.

Hiyo ni lami. Sasa njoo upande wa Sankuri, anakoishi mama mkwe, ambako njia ya vumbi imejikunja kama bati. Wiki ya kwanza nilimleta mjini na dumu lake la maziwa ya ngamia. Wanaojua mambo ya maziwa husema ya ngamia ni magumu mno kutoa siagi. Ni kwamba hawajapanda gari langu. Tulipofika, mama alifungua dumu, akachungulia, akanitazama, akalifunga tena bila neno. Cha ajabu, gari lenyewe hakulilaumu. Alishuka kwa kunyoosha mguu tu, akasema ni gari la adabu. Ndiye mtu pekee Garissa nzima aliyewahi kulisifu.

Ushauri ukaanza kumiminika. Jirani alisema ninunue mito minene ya sponji. Nikanunua, nikakaa juu sana, na kila shimo likawa linanigongesha utosi kwenye paa. Maumivu yalihama tu, kutoka kusini kwenda kaskazini. Muuza miraa alisema nitie magunia mawili ya mchanga nyuma ili gari liwe zito na litulie. Nikatia. Likashuka zaidi. Nilichopata ni gari lilelile, sasa likiwa na jangwa ndani. Shemeji akasema nipunguze upepo wa tairi nusu nzima. Kidogo nimsikilize, ila kwanza nikapita kwa fundi wangu karibu na soko la mifugo.

Fundi hakugusa hata spana. Aliweka viganja viwili juu ya boneti, akabonyeza. Gari likashuka upana wa kidole, likagota: *ka!* Akatikisa kichwa kama daktari. Akalipiga jeki, akawasha tochi, akaniita niinamie gurudumu la mbele.

"Mzee, unaona hapa?"

Niliona. Springi ilikuwa imekatwa kwa grainda. Alama za moto bado zilikuwepo, na ncha imechongoka kama mswaki uliotafunwa. Mzunguko mmoja na nusu haupo.

Mimi nilidhani springi ikikatwa hulegea. Kumbe kinyume chake. Mizunguko ikipungua, iliyobaki hukaza zaidi. Na shokabzoba walikuwa wameacha zile zile za gari refu, kwa hiyo rodi imezama karibu yote, imekaa juu ya kimpira cha mwisho, kile kilichowekwa kwa ajili ya siku ya shimo kubwa. Kwangu mimi kila siku ilikuwa siku ya shimo kubwa.

"Gari lako halina springi," fundi akasema. "Lina vimpira vinne. Vitatu vimekwisha."

Kisha akahamia kwenye tairi. Zimeandikwa 215/45. Hiyo 45, akanieleza, maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya upana wake, yaani milimita 97 hivi. Ukivaa 195/65 kwenye rimu ya inchi 15, gurudumu linabaki karibu urefu uleule, lakini ukuta unakuwa milimita 127. Nilikuwa nimeuza sentimita tatu za mpira na hewa nikanunua mng'aro. Na hiyo hewa yenyewe abti alikuwa ameijaza hadi 45, eti tairi zisionekane bapa, wakati kibandiko mlangoni kinasema 32. Fundi akaniamuru nipime alfajiri kabla tairi hazijapata joto, na nisithubutu kwenda chini ya kibandiko kama anavyotaka shemeji. Kwa jua la hapa, tairi yenye njaa hujichemsha yenyewe hadi ipasuke.

Nje, wenye mifugo walikuwa wanapakia ngamia mzigo. Fundi akanyoosha spana kuelekea kule.

"Mwangalie huyo. Mguu mrefu, unyayo mpana na laini. Anapiga magoti apakiwe, halafu anasimama. Lako lilipiga magoti Nairobi, halijasimama mpaka leo."

Basi tulilisimamisha. Springi nzima nne na shokabzoba zake, bushi mpya za mikono ya mbele, rimu za 15 nilizobadilishana na kijana mmoja ambaye macho yake yalimeta kama yale ya abti. Nyongeza ilikuwa bei ya mbuzi watatu. Abti alipokuja kuliona alisimama kimya muda mrefu, mikono nyuma, kama aliyekuja kutoa pole. "Abti," akasema hatimaye, "sasa linafanana na gari la mwalimu." Nikamjibu, "Abti, mimi ni mwalimu."

Ijumaa nikaenda Sankuri kichwa juu. Bati lile lile, lakini sasa gari lilikuwa linapita kama linaimba kasida. Nikamfungulia mama mkwe mlango, nikasubiri dua.

Mama akautazama mlango. Akainua mguu, haukufika. Akainua shuka na mguu tena. Ikabidi niletewe kigoda, kisha wajukuu wawili wa kumsukuma kwa heshima. Alipokwisha kukaa, dumu la maziwa mapajani, alihema, akanigeukia.

"Mwanangu, hili umelitoa wapi? Lile la kwanza lilikuwa na adabu. Lilikuwa linampigia mtu mzima magoti."