Sweta la Limuru, Godoro la Likoni

Bibi alilifuma sweta lile kwa ajili ya mjukuu wake anayekwenda kusoma Limuru, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako Julai baridi huingia mpaka mifupani. Uzi ulikuwa sufu halisi ya kondoo. Zile nyuzi za akriliki zilizojaa madukani ukizilowesha na kuzinyoosha, zikikauka hurudi zilivyokuwa. Sufu ikilowa hulegea, na umbo utakaloikaushia ndilo itakalolishika mpaka ifuliwe tena.

Nasi tulilihitaji umbo, maana kifua kilibana na mikono iliishia juu ya vifundo.

Bibi alitoa sandukuni faruma ya marehemu babu, kigogo alichokuwa akikivisha kofia zake zikishafuliwa ili zisisinyae. "Kofia ina faruma yake," akasema. "Faruma ya sweta ni godoro."

Tuliliroweka kwenye beseni la maji baridi kwa nusu saa, bila kulisugua. Sufu ina magamba madogo mno. Yakipata joto na misukosuko hushikana, na sweta likishaganda hivyo halirudi tena. Wala hatukulikamua. Tulilikunja ndani ya taulo, nikalikanyaga mpaka taulo likanywa maji, kisha tukalitandaza juu ya godoro lenye shuka kuukuu. Bibi alivuta kifua kwa viganja, taratibu, futi ya fundi ikiwa shingoni, nami nikachomeka pini pembezoni, karibu karibu, ukingo usije ukafanya mawimbi. Nilipoziachanisha alizing'oa na kuzirudisha mwenyewe.

Hewa ya Likoni ina unyevu, kwa hiyo tuliligeuzia feni. Usiku stima ikapotea.

Alfajiri mjomba akatoka zamu Changamwe, akavuka feri, akakuta kitanda chake kimelaliwa na sweta. Kwa wema kabisa alichomoa pini zote, akazitia kikombeni, akalianika sweta kambani kwa mabega, akalala.

Tulipoamka, pindo lilikuwa limeshuka mpaka magotini pa mtu mzima. Maji yalikuwa yameteremkia chini na kulivuta sweta kwa uzito wake.

"Umelitundika, mwanangu?"

"Nimelianika, mama. Lilikuwa bichi."

"Bichi halitundikwi! Lishike chini, kwa mikono miwili."

Uzuri wa sufu ni kwamba husamehe kosa la namna hii. Sweta lilirudi kwenye beseni, likarudi ndani ya taulo, na safari hii bibi hakuvuta: aliisukuma mishono ikutane, kutoka pindoni kuelekea kifuani, akipima kila baada ya kusukuma. Mjomba alishika futi upande wa pili, macho mekundu kwa usingizi, kisha akaenda kulala sebuleni kwenye mkeka, hakunung'unika. Godoro likawa la sweta mpaka lilipokauka hata kwapani, mahali panapochelewa kuliko pote.

Yule mjukuu alilivaa adhuhuri, jasho likimtiririka.

"Bibi, naungua."

"Inua mikono kwanza."

Akainua. Mikono ya sweta ilifika penye kidole gumba, na kiuno hakikuonekana.

"Huko Limuru ukilifua, lilaze."

"Lakini bibi, bwenini nina kitanda kimoja tu."

"Basi lifue Ijumaa," bibi akasema, "ulale na mwenzio."