Gesi Ile ya Mwanzo Imekwenda Wapi?

Hapa Dar es Salaam gari likiacha kutoa baridi lina ugonjwa mmoja tu: gesi imeisha. Mweleze shemeji kwa simu, gesi imeisha. Mlinzi wa maegesho, ambaye hujamuuliza, anaingiza mkono dirishani, anatega kiganja kwenye tundu la dashibodi na kutikisa kichwa: "Pole mzee, gesi hiyo." Na fundi, ambaye tunamlipa kwa kujua kuliko mlinzi, hafungui hata boneti. Hukumu inatoka akiwa bado anatafuna muhogo.

Jamani, gesi ya AC si petroli. Petroli inaungua, ndiyo maana inaisha. Gesi hii haiungui wala hailiwi. Kazi yake ni kuzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaikandamiza mpaka inapata moto, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza mpaka inakuwa kimiminika, kisha inaachiwa kwenye evaporeta nyuma ya dashibodi. Huko inageuka mvuke tena na kunyang'anya joto la hewa unayopuliziwa usoni, halafu inarudi kazini upya. Najua mipira ya maungio huzeeka, na kidogo kidogo gesi hupenya kwa miaka. Lakini gesi iliyojazwa mwezi ukiandama, kabla ya Idi haipo, hiyo haikuisha. Imetoroka, na ina mlango iliotokea.

Sasa thubutu kumuuliza fundi kuhusu huo mlango. "Bosi, gari za Japani ndivyo zilivyo." Joto la huku kali, bosi. Foleni nazo, bosi. Wakati anakutajia hali ya hewa na msongamano wa magari, tayari ameshafunga geji yake na gesi inaingia kwa mlio. "Weka mkono hapo, bosi." Unaweka. Baridi! Unalipa kwa furaha, na furaha yenyewe inadumu mpaka gesi ipate tena ule mlango wake.

Kipimo chake ni sikio. Chini ya boneti watengenezaji wamebandika karatasi inayosema ni gramu ngapi ziingie; kwa magari mengi madogo ni kama nusu kilo. Fundi haisomi, maana yeye "anaisikia". Na gesi ikizidi, presha inapanda na baridi inapungua vilevile. Kwa hiyo mteja hulipia upungufu, kisha akarudi kulipia ziada.

Nikasema basi angalau hasara ni ya mfuko wangu peke yangu. Kumbe hapana. Gesi ya R134a, ambayo magari yetu mengi yanaitumia, ikitoroka angani kilo moja tu hupasha dunia joto zaidi, kwa hesabu ya miaka 100, kuliko tani nzima ya kaboni dayoksaidi. Yaani nalipa ili nje kuzidi joto, ili nizidi kuihitaji AC, ili nirudi kwa fundi. Mwenye biashara hii hahitaji matangazo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba gari lenyewe huwa limeshasema. Likitoa baridi barabara ikiwa nyeupe, kisha likatoa joto ukikwama kwenye foleni, linasema: nitazameni feni ya kondensa, maana likisimama halina upepo mwingine. Likitoa hewa ya baridi lakini dhaifu kama pumzi ya mgonjwa, linasema kichungi cha hewa nyuma ya kisanduku cha dashibodi kimejaa vumbi na majani. Ukiwasha AC usisikie ule mlio wa klachi ya kompresa kudaka, kuna fyuzi, kuna rilei, kuna waya. Na hata kama kweli gesi imepungua, swichi ya presha huikataza kompresa isijiue, kwa sababu mafuta ya kuilainisha husafiri pamoja na gesi. Mafuta hayo hayo, gesi ikivuja, huacha doa la unyevu uliogandiwa na vumbi kwenye ungio. Ushahidi wote upo mezani, ila hakimu haji mahakamani.

Nyie mnaopanda gari lenye baridi hamjui gharama ya kushusha vioo. Dirisha wazi kwenye foleni ya Ubungo ni duka, na mwenye duka ni yule aliye nje. Nina henga za nguo kuliko nguo. Nina chaja ya simu ambayo sina. Kiyoyozi kinachofanya kazi kingejilipa chenyewe kwa vitu nisivyonunua.

Mwishowe nilielekezwa kwa fundi mmoja huko Ilala, mtu mkavu asiyeniita bosi hata mara moja. Aliuliza maswali: baridi ilikata ghafla au polepole? Inarudi ukitembea? Ilijazwa lini? Akachukua tochi, akapita ungio kwa ungio, akaniita nione doa jeusi pembeni ya kondensa. Mpira wa duara uliokauka, bei yake chai na andazi. Akaubadilisha, akafunga pampu kunyonya hewa na unyevu wote ndani ya mabomba, akaizima, akakaa kuutazama mshale wa geji kama utasogea. Haukusogea. Ndipo akaiweka gesi kwenye mizani na kusoma ile karatasi ya chini ya boneti.

Malalamiko ninayo bado. Alinikalisha juu ya tairi kuukuu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na ufundi wake aliutoza bei iliyonifanya nimkumbuke yule mtafuna muhogo kwa huruma. Lakini nikijumlisha gesi zote nilizoziachia anga, huyu ndiye rahisi.

Kwa hiyo msomaji, kabla mtu hajafunga geji kwenye gari lako, muulize: gesi ile ya mwanzo imekwenda wapi? Akijibu kwa kuchukua tochi, tafuta tairi ukae. Akijibu kwa kutaja bei, shusha vioo uondoke.