Sifa za Mkwaruzo

Wapo wanaosifu sauti safi. Waache. Sauti safi haijamfundisha mtu kitu. Inasikilizwa, inasahaulika, watu wanalala. Mimi nausifu mkwaruzo, ule unaotoka kwenye spika pale fundi wa nyumbani anapozungusha kwa mara ya kwanza kitasa cha sauti alichokiunga mwenyewe.

Kwanza ni mkweli. Majirani watasema hongera, inaimba! Mkwaruzo hauna adabu hiyo. Kitasa kikichakarika unapokizungusha na kunyamaza ukikiachia, unakushitaki: ama utepe wa kaboni ndani ya potenshomita umeingia vumbi, ama umeme wa DC unapita mahali pa muziki kwa sababu uliona kapasita ni mapambo. Mikrofaradi 1 tu ingeuzuia. Na kama wimbo haunyamazi hata kitasa kikirudishwa mwisho, basi mguu wa tatu wa potenshomita haujafika kwenye ethi, hata uape vipi.

Lakini ufasaha wake hasa uko kwenye kujieleza umezaliwa wapi. Wangapi kati yetu wanaweza hilo? Punguza sauti. Ukitoweka, ishara ilikuwa inazidi nguvu mbele ya kitasa, kwenye ampilifaya. Ukipungua pamoja na wimbo lakini ukabaki umo humo, ishara iliharibika kabla ya kukifikia, na kitasa unachokilaumu hakina kosa. Daktari gani anakupa majibu haya bila kipimo?

Tena mkwaruzo unajua hesabu. Aisii ya LM386, kipenzi cha wanaoanza, hukuza ishara mara 20 bila kuombwa. Ipe nusu volti kutoka kwenye simu, itadai volti 10 juu na 10 chini. Betri yako ina volti 9, nazo zigawanywe pande zote mbili! Vilele vya mawimbi vinakatwa, mwimbaji anakoroma. Mwenye tamaa huongeza kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya miguu 1 na 8 ili ikuze mara 200, na mkwaruzo, kwa ukarimu wake, humwitikia papo hapo.

Ukifanikiwa kuufukuza, usihuzunike. Betri ikianza kuchoka volti zitashuka, na kwa kitasa kilekile, wimbo uleule, utarudi wenyewe bila kualikwa.