Njiwa wa Mashindano: Kumlea, Kumfunza na Kumngoja

Njiwa wa mashindano ni uzao wa njiwa wa majabalini, Columba livia, ukoo uleule wa njiwa wanaookota makombo sokoni na kuchafua sanamu za mashujaa mjini. Waliomtenga na jamaa zake ni Wabelgiji wa karne ya 19. Walichanganya mbari kadhaa za njiwa wa nyumbani, kisha wakachuja kwa kanuni isiyo na huruma: anayerudi huzaa, asiyerudi hazai. Akapatikana ndege wa gramu 400 na ushei, mwenye kifua kipana na bawa refu, anayeweza kuruka kilomita 500 kwa siku moja kwa mwendo wa kilomita 80 hivi kwa saa, na kufika nyumbani akiwa bado na nguvu ya kukaa juu ya paa na kukataa kuingia ndani.

Nyimbo za mapenzi za pwani humtuma njiwa apeleke salamu kwa mpenzi aliye mbali. Kazi hiyo haiwezi. Njiwa hajui anwani ya mtu yeyote. Anajua kwao tu. Aliyeko Mombasa akitaka salamu zake zimfikie mchumba wa Tanga, itabidi kwanza asafiri hadi Tanga, akamchukue njiwa wa mchumba kwenye tenga, arudi naye Mombasa, ndipo amwachie. Na maadamu alishafika Tanga, salamu angezitoa kwa mdomo. Paul Julius Reuter aliielewa hesabu hiyo mwaka 1850, alipotumia njiwa kuleta bei za hisa kutoka Brussels hadi Aachen, kipande ambacho waya wa telegrafu ulikuwa haujakifikia. Njiwa walikwenda Brussels kwa treni, wakarudi kwa mabawa.

Basi kumfunza njiwa si kumwonyesha njia. Njia ataitafuta mwenyewe. Kazi ya mfugaji ni kumfanya apaone kwao pana thamani ya safari, na kazi hiyo huanzia kwenye banda.

Banda jema ni kavu, lina hewa, na halina msongamano. Ubelgiji mengi yalijengwa darini, chini ya vigae vya paa, ambako unyevu haukai. Mfugaji mpya huanza kwa huruma: anaziba kila ufa ili ndege wasipigwe na baridi. Baridi kavu haiwadhuru sana. Kinachowadhuru ni hewa iliyotuama, yenye unyevu na harufu ya kinyesi. Vumbi la manyoya nalo humgeukia bwana mwenyewe, maana kuna ugonjwa wa mapafu unaojulikana kabisa katika vitabu vya tiba kwa jina la wafuga njiwa. Mfugaji aliyeupata hufagia banda akiwa na barakoa usoni, akikohoa, huku waliotunzwa wakimtazama kutoka kwenye vitulio vyao wakiwa na afya tele. Msongamano nao huja polepole. Banda la njiwa 20 hujengwa kwa njiwa 20, halafu makinda yanaanguliwa, na kila kinda lina jicho ambalo baba mwenye banda anaapa hajapata kuona mfano wake.

Chakula ni gramu 30 hivi kwa ndege mmoja kwa siku: mahindi, ngano, mtama, mbaazi, choroko. Kwa kuwa njiwa hana meno, huhitaji changarawe ili firigisi lisage, na maganda ya chaza yaliyopondwa kwa ajili ya madini ya chokaa. Maji yawe masafi, na beseni la kuogea liwekwe walau mara moja kwa wiki, liondolewe mara tu wanapomaliza kuoga, kwa sababu wakitoka kuoga huyanywa yaleyale.

Kuhusu afya, uchunguzi wa kwanza hufanywa sakafuni. Kabla ya chai ya asubuhi mfugaji hodari huinama chini ya vitulio na kusoma kinyesi. Kidonge kigumu cha rangi ya kahawia, chenye kofia nyeupe juu na unyoya mwororo umenatia, ni habari njema. Cha kijani na majimaji ni habari mbaya. Kilichozungukwa na kidimbwi cha maji kinataka maelezo. Mtu wa namna hii anaweza kusimama kwa muda mrefu juu ya kinyesi kimoja, amekunja mikono nyuma, akitabasamu, na familia yake hujifunza kutouliza.

Kisha huja koo. Mdomo hupanuliwa kwa vidole viwili, tochi humulikwa ndani. Koo lenye afya ni la waridi na halina utelezi mzito. Utando wa manjano unaofanana na jibini ni alama ya trikomonasi, kijidudu ambacho njiwa wengi hukaa nacho bila madhara mpaka siku wakichoka au wakisongamana. Wazazi huwaambukiza makinda wanapowalisha. Kokisidia na minyoo hukaa matumboni na humaliza nguvu kimyakimya: ndege anakula vizuri, anang'aa, ila mashindanoni anafika jioni. Ndui huletwa na mbu na huacha vigaga kuzunguka macho na mdomo. Jicho moja likitoa machozi na lingine likawa zima, mtu asikimbilie kulaumu vumbi. Huenda ni maambukizi ya njia ya hewa. Mabaya kuliko yote ni paramiksovirusi ya njiwa, jamaa wa karibu wa kideri cha kuku. Mgonjwa hunywa maji bila kukoma, shingo hupinda, na akilenga punje hudonoa pembeni yake. Tiba haina, chanjo ipo, na mwenye akili huchanja kabla ya msimu.

Magonjwa mengi huingia bandani kwa miguu miwili ya mfugaji, akitoka mnadani na kiboksi kwapani. Njiwa mgeni anatakiwa kukaa peke yake wiki kadhaa. Sheria hiyo kila mfugaji anaijua, na kila mfugaji ana sababu nzuri ya kwa nini mgeni huyu mmoja, wa ukoo bora namna hii, asingeweza kuwa na kitu. Upande wa pili wako wanaotibu wasioumwa. Kabati lao lina unga wa koo, unga wa matumbo, matone ya pua, kitunguu saumu na siki ya tufaha, na ndege akishinda sifa hupewa chupa ya mwisho aliyonyweshwa. Dawa ya vijidudu ikitolewa ovyo, vijidudu huizoea. Mganga wa mifugo na hadubini yake ni nafuu kuliko kabati hilo.

Mafunzo huanza kwenye yai. Jike hutaga mayai mawili, wazazi wote wawili huyaatamia kwa siku 18 hivi, na wote wawili, baba akiwemo, huwalisha makinda kwa maziwa mazito yanayotengenezwa kwenye kifuko cha chakula shingoni. Kinda likifikisha kama wiki moja huvalishwa pete isiyo na kiungo, yenye namba na mwaka. Vidole vitatu vya mbele hupitishwa kwanza, cha nyuma kikavutwa baadaye. Siku chache mbele mguu umeshanenepa na pete haipiti tena, na ndege asiye na pete hashindani hata akiwa na mbio za mwewe. Ndiyo maana mikutano ya ukoo na harusi za ndugu hukosa mfugaji mmoja kila msimu wa makinda.

Kwenye wiki ya nne hivi kinda huachishwa wazazi na kuwekwa kwenye kizimba cha waya juu ya paa, alitazame jua, mnazi au mnara wa jirani, autie moyoni mtaa wake kabla bawa halijapata nguvu ya kumpotosha. Papo hapo hufundishwa kopo. Mfugaji hutikisa punje ndani ya kopo la bati au hupiga mluzi, na chakula hufuata. Ndege huruka wakiwa na njaa kidogo, hushiba wakishaingia. Kanuni ni rahisi na huvunjwa kila Jumapili, wageni wanapokuja na mwenye banda akataka kuwaonyesha jinsi njiwa wake wanavyotii. Anatikisa kopo mara ya tatu kwa ndege walioshiba. Hawaji. Kwa wiki nzima inayofuata kopo ni kelele tu.

Njiwa mkubwa aliyenunuliwa ni habari nyingine. Huyo kwao ni kwa muuzaji, na akifunguliwa hata baada ya miezi hurudi huko. Baadhi ya wauzaji wamepokea mali yao hiyohiyo zaidi ya mara moja, kwa uso wa mshangao. Ndege wa bei hufungiwa na kuzalishwa. Wanaofunzwa ni watoto wao.

Makinda wakishazunguka juu ya mtaa kwa muda na kurudi wenyewe, huanza kupelekwa mbali: kilomita 5, kisha 10, 20, 40, 80. Huachiwa asubuhi ya anga safi, bila ukungu, kwanza kwa kundi, baadaye mmojammoja, maana kundini wengi humfuata anayejua na hawajifunzi lolote. Mfugaji hufungua tenga, huwatazama wakizunguka mara mbili tatu na kushika njia, kisha huingia garini kuwawahi. Hawawahi. Yeye amekwama kwenye foleni, na akifika huwakuta wamejipanga juu ya paa mbele ya mlango aliousahau umefungwa.

Wanavyoijua njia bado ni mjadala wa wasomi. Gustav Kramer alionyesha katikati ya karne ya 20 kwamba ndege hutumia jua kama dira. William Keeton mwaka 1971 aliwafunga njiwa sumaku ndogo, na siku ya mawingu wakapotewa na mwelekeo, ilhali wenzao waliofungwa shaba waliushika. Floriano Papi na wenzake wa Pisa walitetea pua: njiwa hukumbuka harufu zinazoletwa na pepo. Mwaka 2004 watafiti wa Ulaya waliowafunga vifaa vya kunasa nyendo waliona kwamba njiwa waliozoea njia hufuata barabara kuu, hukata kona kwenye njia panda, na baadhi huzunguka hata kipilefti. Leseni hawana, ila utaratibu wanaujua kuliko madereva wengi.

Dira zote hizo zinaweza kushindwa kwa pamoja. Juni 1997, njiwa wapatao 60,000 walirushwa kutoka Nantes, Ufaransa, kuelekea Uingereza kuadhimisha miaka 100 ya Royal Pigeon Racing Association. Maelfu kwa maelfu hawakuonekana tena. Jon Hagstrum, mtaalamu wa miamba wa Marekani, alidai kuwa walikuwa juu ya mlango wa bahari wakati ndege ya Concorde ilipopita kwa mshindo wake, na kwamba njiwa husikiliza mingurumo ya chini ambayo sikio la binadamu haliipati. Kuna wasiokubali. Katika mashindano mengine ndege hupunguzwa na vipanga na kozi, mengine na nyaya za umeme, mengine na ndege mwenyewe kuona njiani kundi la njiwa wa mjini, lenye makombo ya bure na lisilo na kopo wala saa.

Siku ya mashindano ndege wa wanachama wote hupakiwa gari moja na kuachiwa mahali pamoja. Kwa kuwa kila mmoja ana kwake, anayefika mapema si lazima awe mshindi. Umbali hugawanywa kwa muda, na kipimo ni mita kwa dakika. Aliyeruka kilomita 300 kwa saa 4 amepata 1,250. Akikaa dakika 5 juu ya paa, anashuka hadi 1,224, na watu kadhaa wamempita. Zamani pete ya mpira ilivuliwa mguuni na kutiwa kwenye saa maalumu. Siku hizi chipu husomwa anapokanyaga sahani ya mlangoni. Vyovyote vile, paani hapahesabiki.

Dakika hizo tano ndizo ambazo mfugaji huzifanyia kazi mwaka mzima. Amevaa koti lake kuukuu analowalishia, kwa sababu shati jipya linaweza kumtia ndege wasiwasi. Watoto wamekatazwa kupiga kelele, paka kafungiwa jikoni. Ndege anatokea, anakunja mabawa, anatua kwenye ukingo wa bati. Kopo linatikiswa kwa upole. Njiwa anajikuna shingo. Kopo linatikiswa tena, sasa na sala. Jirani anatoka kuanika shuka jeupe, ndege anahamia paa la pili, na maneno anayoyapata jirani yule moyoni mwa mfugaji hayawezi kuandikwa.

Ili wasikae nje, wengine hutumia mfumo uitwao ujane. Dume hutenganishwa na jike wake wiki nzima, huonyeshwa dakika chache tu kabla ya kutiwa kwenye tenga, kisha huenda zake kilomita mamia akiwa na sababu ya kuwahi. Wako wanaoongeza wivu: dume la pili hupitishwa karibu na kiota wakati mwenye kiota anatazama.

Fedha zikiwa nyingi, akili za watu nazo huruka. Jike wa Kibelgiji aitwaye New Kim aliuzwa Novemba 2020 kwa yuro milioni 1.6. China, katika mashindano ya mwaka 2017 kutoka Shangqiu hadi Shanghai, wanaume wawili waliwazoeza njiwa wao kwamba Shangqiu nako ni kwao. Walipoachiwa waliruka hadi banda la siri papo hapo, wakatiwa kwenye maboksi ya maziwa, wakapanda treni ya kasi na kuachiwa tena karibu na mwisho wa safari. Wakashika nafasi nne za kwanza, kwa mwendo wa kutia shaka. Maswali yalipoanza, wenye mali waliwaua ndege ili kuficha ushahidi. Mwaka 2018 mahakama iliwahukumu kifungo cha nje.

Wanaopotea kwa haki hutua popote. Njiwa mwenye pete akikutwa uani amechoka, apewe maji na punje, aachwe apumzike siku moja au mbili, namba isomwe na chama chake kiarifiwe. Kusoma pete kuna mitego yake. Desemba 2020 njiwa alionekana Melbourne akiwa na pete iliyomtambulisha kuwa wa Marekani, aliyepotea jimbo la Oregon miezi miwili kabla. Akapewa jina la Joe, la rais mteule wa Marekani wa wakati huo. Mamlaka za karantini za Australia zikasema mvuka bahari huyo ni hatari kwa ndege wa nchi na lazima auawe. Chama cha njiwa cha Marekani kikachunguza: pete ilikuwa ya kughushi. Joe, kwa uwezekano mkubwa, alikuwa njiwa wa Australia tangu mwanzo, na serikali ikafuta amri yake.