Hesabu za Ugenini

Msafiri hujichagulia mwenyewe mambo ya kuogopa, na aghalabu huchagua vibaya. Nilipoagana na jamaa zangu bandarini Unguja mwishoni mwa mwaka 1950, na meli ikanichukua kwa njia ya Aden na mfereji wa Suez hata ikanishusha Uingereza katika baridi kali ya Januari, nilikuwa nimekwisha kuiogopa theluji, nimekwisha kuliogopa jiko lisilojua halali na haramu, na marehemu shangazi yangu, ambaye hakupata kuvuka maji zaidi ya yale ya Pemba, alikuwa amekwisha kuniogopea wanawake wa huko, akanitilia azima katika mfuko wa tende ili kila nilapo nikumbuke. Jambo moja tu halikumpitikia yeye wala mimi: kwamba mtu aliyesomesha hesabu miaka minane, ambaye wanafunzi wake wakimwona anakaribia mlango huanza kunong'ona jedwali la kuzidisha kama watu wasomao nyiradi, angefika London akashindwa kuhesabu.

Ushinde wangu wa kwanza ulikuwa wa fedha. Kwetu, tangu shilingi ya Afrika ya Mashariki ilipochukua mahali pa rupia mwaka 1936, shilingi ilikuwa na senti mia, na kipande cha senti kumi tulikiita peni, basi peni kumi zikawa shilingi, na hesabu ikasimama wima kama mlingoti. Sikujua kwamba neno hilo tuliliazima tukaiacha hesabu yake kwa wenyewe. Huko, siku zile, peni 12 ndizo zilizotimiza shilingi, na shilingi 20 ndizo zilizotimiza pauni. Siku ya pili ya kuwasili kwangu niliingia duka la karatasi kununua bahasha na wino, nikaambiwa shilingi moja na peni kumi. Nami, nikijua kama ajuavyo mtoto wa darasa la pili kwamba hizo ni shilingi mbili kamili, nikaziweka shilingi mbili mezani, nikaaga kwa adabu, nikatoka. Sijafika mbali nikasikia nyayo nyuma yangu, kumbe ni mwenye duka, mzee wa mvi, ananikimbilia kichwa wazi katika baridi ile. Akanitia peni mbili mkononi, akarudi zake. Kwanza nilidhani ni sadaka. Kisha nikaona haya kumdhania hivyo, nikasema huenda ni bahashishi awapayo wateja wapya, kama yule mwenye duka wa mtaani kwetu ampavyo kipande cha sukari guru mtoto aliyetumwa chumvi. Juma lile lile nilikwenda tena kununua bahasha ambazo sikuzihitaji, kusudi nimlipe wema wake, naye akanirudishia tena peni mbili. Na jioni ile nikamwandikia shangazi barua ndefu kwamba Waingereza wamesingiziwa ubahili, kwa maana yuko mmoja ambaye hakuna siku aliyopokea fedha yangu asinirudishie fungu lake. Barua ile ilisomwa barazani mbele ya watu wazima, na niliporejea nyumbani nikakuta wapo walioiamini, wala sikuwa na moyo wa kuitangua.

Ushinde wa pili ulikuwa wa shilingi yenyewe. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya nyumba nyembamba huko Paddington, na moto wake ulitoka katika mita ya gesi, sanduku la chuma lililokaa pembeni na kitundu chake mfano wa mdomo wa mtu anayetaka kuomba akasita. Ukikitilia shilingi, unapata joto. Shilingi ikiisha, moto hukuzimikia katikati ya barua, wala hauulizi kama umefika mwisho wa sentensi. Usiku mmoja sikuwa na shilingi ya huko, ila ile moja ya kwetu niliyoihifadhi kwa ukumbusho, yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Baridi ina hoja zake. Nilijiambia kwamba shilingi yao nayo ina simba, japo wao wamemsimamisha juu ya taji. Kwamba zote mbili zina jina la Mfalme George. Na kwamba hata mabenki huzihesabu sawasawa, hii kwa ile. Hoja zote zilikuwa sahihi, ila nilisahau kwamba simba wetu ni mnene kuliko wao. Akaingia sehemu, akakwama, akawa haendi mbele wala harudi nyuma, nami nikalala na kofia na soksi na kanzu mbili. Asubuhi bibi mwenye nyumba alipanda na kisu cha siagi, akamtoa yule simba kwa taratibu, akampeleka dirishani akamtazama kwenye mwanga, kisha akanirudishia akisema kwamba kwa uzuri anamshinda wa kwao, lakini hapashi chumba moto.

Hapo nikaazimia kununua kabuti. Nililiona moja katika dirisha la duka la nguo, zito, la rangi ya kahawa, na karatasi yake imeandikwa gini tisa. Nilikusanya pauni tisa kwa majuma matano, nikaingia kifua mbele, nikalivaa, likanikaa, nikamhesabia mwuzaji pauni zake mkononi. Akasubiri. Nami nikasubiri. Tukasubiriana kwa staha kubwa, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye aliyesahau neno lake, hata aliponieleza, kwa sauti ile waitumiayo matabibu mbele ya jamaa za mgonjwa, kwamba gini si pauni, bali ni pauni na shilingi moja juu yake. Nikamwomba anionyeshe hiyo gini nipate kuijua siku nyingine. Akasema haipo, ilikoma kufuliwa zaidi ya miaka 100 nyuma, ila watu wa maduka ya heshima wanapenda kuitaja. Wallahi, nimesomesha sifuri na nimesomesha idadi zilizo chini ya sifuri, lakini sikupata kuona kitu kisichokuwapo kikanidai shilingi tisa. Nililivua kabuti, nikarudi nyumbani kwa miguu ili nianze kuziweka.

Yule bibi mwenye nyumba alikuwa mjane, mtu wa maneno machache na wema mwingi uliofichwa mahali pagumu kupaona. Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini miaka sita baadaye sukari na chai bado vilitolewa kwa wakia katika vitabu vya posho, na nyama, ajabu ya hesabu, haikupimwa kwa ratili bali kwa bei, mtu na nyama yake ya peni kadhaa kwa juma. Nilipomkabidhi kitabu changu nilimwambia kwamba fungu la nyama ya nguruwe lote ni lake, sasa na siku zote. Alinitazama kama mtu aliyesomewa wasia. Kuanzia hapo akawa kila Ijumaa ananipunguzia sehemu ya sukari yake, kwa kuwa aliona jinsi ninavyoitazama chai ya kijiko kimoja, na nilipata habari kwamba huwaambia majirani mimi ni mtoto wa Sultani. Nilimkanusha, lakini sikufanya haraka.

Haya yote niliyavumilia, maana fedha ni mambo ya watu, na watu hukosea. Jua je? Sisi saa zetu tumezifunga juani: likichomoza tunaanza moja, likichwa tunaanza moja tena, na Unguja, iliyo kiasi cha nyuzi sita tu kusini mwa mstari wa istiwai, jua ni mtumishi mwaminifu, mwaka mzima halitangulii wala halikawii ila kwa dakika zisizofika hata saa. London nilikuta jua halina ajira. Katika siku za Januari lilitoka baada ya saa mbili za asubuhi, likazunguka chini chini kama mdeni, likatoweka kabla ya adhuhuri yangu haijatulia tumboni. Ulipofika Aprili serikali iliamuru saa zote zisogezwe mbele kwa saa nzima, na watu wakazisogeza bila ya kuuliza. Mimi sikuarifiwa, nikafika kwenye mwaliko wa chakula cha mchana cha Jumapili na kukuta wenyeji wangu wanaosha vyombo.

Ndipo ikaja Ramadhani, ambayo mwaka ule wa 1951 iliangukia mwezi wa Juni, mwezi ambao katika nchi ile jua hukataa kabisa kwenda kulala. Nilikwenda katika jumba la Kiislamu lililo kando ya bustani ya Regent's Park, lile lililofunguliwa na Mfalme George wa Sita mwaka 1944, nikapewa karatasi ya nyakati, na nilipoisoma nilidhani mpiga chapa amekosea: magharibi, saa tatu na ushei usiku. Nilimwendea mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akitoa viatu, nikamwonyesha kidole mahali palipokosewa. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Hapana kosa, mwanangu. Karibu." Jambo la saa tatu za usiku na jua liko dirishani halikuwa na jina katika lugha yangu, nikiliita usiku, macho yananikanusha, na nikiliita mchana, saa inanikanusha, na tumbo likiwakanusha wote wawili. Alfajiri nayo ilikuwa na fitina yake, kwa sababu wekundu wa machweo haujamaliza kuondoka upande mmoja wa mbingu, weupe wa macheo umekwisha kubisha hodi upande wa pili, na mja aliye katikati yao hajui kama anakula futari au daku. Bibi mwenye nyumba alinikuta jioni nyingi nimesimama dirishani na tende moja katika vidole, macho kwenye paa la jirani ambako jua lilikuwa limekaa kitako. Hakuuliza neno. Ila siku ya kumi nilikuta kiti kimewekwa pale dirishani.

Basi nimebakiwa na habari ya kazi iliyonipeleka, nayo ndiyo iliyonimaliza. Nilichukuliwa kuwasaidia vijana wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiswahili kabla ya kutumwa Afrika ya Mashariki, na fundisho nililolipenda kupita yote lilikuwa hilo la saa, kwa sababu hapo tu ndipo nilipowaona wao wakitaabika kwa hesabu. Niliwaamuru wautazame mshale mfupi wa saa, kisha wasome namba inayouelekea upande wa pili. Wakikosea niliwarudisha mwanzo bila ya huruma, nikiwaambia kwamba mtu asemaye saa nne naye anakusudia saa kumi atafika harusini na kukuta wali umekwisha. Miongoni mwao alikuwako kijana mmoja mrefu, masikio mekundu, aliyeandika kila neno nililotamka, na nadhani hata nikikohoa alitia alama.

Siku moja ya Novemba, baada ya darasa, nilimwambia, "Njoo kwangu Jumamosi saa nne, tunywe chai." Naapa kwamba sikuliona kosa. Nilikwisha kukaa miezi kumi katika nchi ambayo saa nne kwa hesabu yao ni saa ya chai, ambapo karani huweka kalamu na fundi huweka nyundo, na jua, ambalo lingenikumbusha, mwezi ule lilikuwa linazama saa hiyo hiyo na kuniacha mikononi mwa ile mishale. Jumamosi asubuhi nilikwenda zangu maktaba, na bibi mwenye nyumba akaenda kwa dada yake, na mvua ikanyesha mfululizo kama ya masika ila bila ya joto lake. Nilirejea na kifurushi cha biskuti robo saa kabla ya wakati, nikiwa radhi na nafsi yangu kwa kuwa mwenyeji mzuri ni yule atangulizaye mgeni wake. Juu ya ngazi ya mlangoni alikuwa amesimama yule kijana, amelowa chepe, maji yakimdondoka puani.

"Shikamoo, Maalim," akasema. "Nilifika saa nne. Sasa ni saa kumi kasoro robo."

Nilimwuliza kwa nini hakwenda zake. Akanijibu kwamba alikwenda mkahawani mara mbili na akarudi, kwa kuwa Maalim aliwafundisha kwamba subira ni ufunguo wa faraja, naye alidhani huenda hili ni zoezi.

Nilimpandisha chumbani, nikamvua koti, nikamkalisha karibu na moto, nao moto ukachagua saa hiyo kuzimika. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa peni nne. Nikatia mkono wa pili, akatoka simba wa kwetu mbele ya milima yake. Yule kijana alimtazama simba, akanitazama mimi, kisha akachovya vidole vyake vilivyokufa ganzi katika mfuko uliolowa, akatoa shilingi, akapiga magoti mbele ya mita akaitia tunduni. Moto ulipoitika akageuka, na kwa lafudhi ya polepole ya mtu akanyagaye ubao wa meli, akasema methali niliyowapa Jumatano ile: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nilitega sikio kama nifanyavyo darasani, nipate walau irabu moja ya kusahihisha. Sikuipata. Nikainuka, nikatoa sukari yangu ya juma zima, na katika kikombe chake nikatia vijiko vinne, ambavyo ni vinne kwa hesabu yoyote ile.